Ernst May, Mjerumani aliyevichorea mitaa vilima vya Kololo na Naguru

Msafiri anayeingia Kampala kwa barabara itokayo Jinja huviona vilima viwili upande wa kulia kabla hajafika katikati ya mji. Cha kwanza ni Naguru, cha pili ni Kololo. Leo vilima hivyo vina nyumba za balozi, hoteli, ofisi, majumba ya matajiri na viwanja vya thamani kubwa. Miaka themanini iliyopita sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa bado nje ya mji. Mpango wa kuigeuza kuwa kitongoji kilichopimwa na kupangwa ulichorwa na mtu ambaye hakuzaliwa Uganda, hakuwa Mwingereza, na kwa wakati huo hakuwa hata na nchi ya kurudi. Jina lake lilikuwa Ernst May.

Wapangaji wa miji duniani kote wanalijua jina hilo, lakini wengi wa wanaoishi katika mitaa aliyoichora Afrika Mashariki hawajawahi kulisikia. Maisha yake yalianzia Frankfurt, yakapita London, Silesia, milima ya Urali, Arusha, Nairobi na Kampala, yakaishia Hamburg. Kote huko alishughulika na swali lile lile: mji unapokua kuliko uwezo wake, watu wa kawaida walale wapi, na wakae kwa namna gani?

Mwana wa Frankfurt

Ernst May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 mjini Frankfurt, kando ya mto Main. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bidhaa za ngozi. Zama hizo miji ya Ujerumani ilikuwa ikifurika watu waliotoka mashambani kutafuta kazi viwandani. Familia nyingi ziliishi katika majengo marefu yaliyosongamana, yenye nyua finyu zisizofikiwa na jua, na kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kila mtaa.

Kijana May alisomea usanifu majengo Darmstadt na Munich. Lakini somo lililomjenga zaidi alilipata Uingereza. Huko, mwaka 1898, karani mmoja wa London aitwaye Ebenezer Howard alikuwa ametoa kitabu kilichopendekeza kujengwa miji midogo mipya nje ya miji mikubwa. Kila mmoja ungekuwa na viwanda vyake, shule zake, mashamba ya kuuzunguka, na ardhi inayomilikiwa na wakazi kwa pamoja. Mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903. Ramani yake ilichorwa na Raymond Unwin pamoja na Barry Parker, nao hao hao baadaye walichora kitongoji cha Hampstead, kaskazini mwa London.

Kati ya mwaka 1910 na 1912 May alifanya kazi katika ofisi ya Unwin. Alijifunza kwamba barabara inaweza kufuata umbo la kilima badala ya kukikata, na kwamba nyumba ndogo yenye bustani ina afya kuliko chumba kikubwa kisicho na hewa. Juu ya hayo alijifunza kwamba mtaa ni zaidi ya safu za nyumba: unahitaji shule, maduka, uwanja wa watoto na mahali pa kukutania. Mafundisho hayo aliyabeba maisha yake yote.

Baada ya kuitumikia nchi yake katika Vita Kuu ya Kwanza, alipelekwa Silesia, jimbo ambalo leo liko Poland. Kuanzia mwaka 1919 hadi 1925 alisimamia ujenzi wa nyumba za wakulima, wachimba migodi na watu waliopoteza makazi yao kwa sababu ya vita. Fedha zilikuwa chache na saruji ilipatikana kwa shida. Alilazimika kutumia michoro michache iliyorudiwa mara nyingi, madirisha ya kipimo kimoja na milango ya kipimo kimoja. Njia ya kujenga kwa gharama ndogo aliipata huko, kwa kubanwa na umaskini wa wakati ule.

Frankfurt Mpya

Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita nyumbani na kumkabidhi madaraka ambayo wasanifu wachache wamewahi kuyapata. Mipango ya mji, ujenzi wa nyumba, ardhi ya manispaa na hata usimamizi wa bustani viliwekwa chini yake. Katika muda wa miaka mitano tu, May na wenzake walisimamia ujenzi wa nyumba zaidi ya 10,000.

Hakuziongeza ndani ya mji wa zamani. Alizipanga katika vitongoji vipya pembezoni, hasa katika bonde la mto Nidda, huku akiacha ukanda wa mashamba na bustani kati ya mji na vitongoji hivyo. Kitongoji kilichosifiwa kuliko vyote kiliitwa Römerstadt, maana yake mji wa Warumi, kwa kuwa magofu ya mji wa Kirumi yalifukuliwa karibu na hapo. Kilikuwa na nyumba karibu 1,200. Barabara zake zilipinda kwa kufuata ukingo wa bonde, na chini yake, kando ya mto, wakazi walipewa vipande vya ardhi vya kupanda mboga. Nyumba zake zilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini Ujerumani kutumia umeme kwa taa, kupikia na kuchemshia maji.

Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na kitu ambacho leo kimeenea duniani kote bila watu kujua asili yake. Mwaka 1926 msanifu mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni kwa ajili ya mradi wa May jiko dogo lililopimwa kwa hatua za mpishi. Beseni la kuoshea vyombo, meza ya kukatia, makabati na mahali pa kupikia vilipangwa kwa utaratibu ili mama wa nyumbani asizunguke bure. Jiko hilo lilijengwa katika maelfu ya nyumba za Frankfurt. Makabati yanayojengwa pamoja na ukuta wa jiko, ambayo sasa huonekana hata katika nyumba za Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam, yana asili yake hapo.

Lakini mradi huo ulikuwa na dosari kubwa. Ujenzi uligharimu zaidi ya ilivyotarajiwa, na kodi ya nyumba ikapanda. Wengi waliohamia Römerstadt hawakuwa vibarua waliosongamana katika vichochoro vya mji wa zamani. Walikuwa makarani, walimu na mafundi wenye mishahara ya uhakika. Nyumba iliyokusudiwa mnyonge ilichukuliwa na aliyemzidi kidogo kipato. Hali hiyo haikuishia Frankfurt. Ilimfuata May katika miji mingine, na imeifuata karibu kila serikali iliyojaribu kuwajengea watu wake nyumba nafuu.

Mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Fedha za ujenzi zilikauka, na vyama vya mrengo wa kulia vikazidi kuishambulia kazi ya May. Mapaa yake bapa yaliitwa ya kigeni, na yeye akasingiziwa kwamba anataka kuwageuza Wajerumani kuwa wakomunisti.

Kutoka Urali hadi mlima Meru

Mwaka 1930 serikali ya Muungano wa Kisovyeti ilimwalika May aende kuisaidia kujenga miji mipya ya viwanda. Alikubali, akaondoka pamoja na kundi la wasanifu na wahandisi, Schütte-Lihotzky akiwa mmoja wao. Mji uliovuta macho ya dunia ni Magnitogorsk, uliokuwa ukijengwa kando ya kiwanda cha chuma katika milima ya Urali.

Alitarajia kupata nchi ambayo ardhi yote ni ya umma na mpangaji ana uhuru kamili. Alipofika alikuta ujenzi wa kiwanda umekwisha kuanza, wafanyakazi wanaishi katika mahema na mabanda, vifaa hakuna, na maagizo ya wakubwa yanabadilika mara kwa mara. Sehemu ndogo tu ya michoro yake ilitekelezwa. Kadiri miaka ilivyopita, watawala walianza kuwatilia shaka wageni na kuuchukia mtindo wao wa kujenga bila mapambo. Mwishoni mwa mwaka 1933 muda wa mkataba wake ulikwisha.

Kurudi nyumbani hakukuwezekana. Mapema mwaka ule ule Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani. Meya Landmann, aliyezaliwa Myahudi, aliondolewa katika ofisi yake. May naye alihesabiwa kuwa adui, kwa kazi yake na kwa asili yake. Mtu aliyewapatia maelfu ya watu makazi akawa hana pa kukaa.

Mwaka 1934 alifika Tanganyika na familia yake na kununua shamba karibu na Arusha. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawekwa chini ya Uingereza. Wakulima wa Kijerumani walikuwa bado wapo, na baadhi yao walimshangilia Hitler waziwazi. Miongoni mwao May hakuwa mwenzao kamili, na machoni mwa Waingereza alikuwa Mjerumani tu. Kwa miaka mitatu aliishi kwa kilimo.

Mwaka 1937 aliacha jembe na kufungua ofisi ya usanifu Nairobi. Alipata kazi za kuchora nyumba za kuishi na majengo ya biashara. Vita vya pili vilipozuka, serikali ya kikoloni ilimkamata kama raia wa nchi ya adui. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1942 alizuiliwa kambini Afrika Kusini, ingawa Ujerumani aliyotuhumiwa kuwa wake ilikuwa imemkana zamani. Alipoachiliwa alirudi Kenya na kuanza tena.

Mji wenye vilima na mipaka

Kampala wakati huo ilikuwa kama miji miwili iliyokaa mgongo kwa mgongo. Upande mmoja ulikuwa mji wa kikoloni, uliokua kutokana na ngome aliyoijenga Frederick Lugard mwaka 1890 juu ya kilima kinachoitwa sasa Old Kampala. Upande mwingine ulikuwa kibuga, makao makuu ya Kabaka wa Buganda huko Mengo, yenye sheria zake na ardhi yake. Katika mji wa kikoloni Wazungu walikaa vilimani penye upepo, na watu wa asili ya Asia walikaa karibu na maduka. Mfanyakazi Mwafrika hakutengewa mahali. Alichukuliwa kuwa mpita njia, wa kufanya kazi kwa muda na kurudi kijijini kwake. Wengi walipanga vyumba vya udongo mabondeni, katika mitaa kama Katwe na Kisenyi, ambako maji yalituama na mbu walizaliana.

Vita viliongeza idadi ya watu mjini na kupandisha bei za vitu. Mwezi Januari 1945 migomo ya wafanyakazi na ghasia zilienea Buganda na sehemu nyingine za Uganda. Watawala walianza kutambua kwamba mfanyakazi wa mjini amekuja kukaa, na kwamba asiyekuwa na nyumba ya heshima hawezi kutulia kazini. Mwaka huo huo May alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala kuelekea mashariki, katika vilima vya Kololo na Naguru. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1947.

Kwa upande wa ufundi, mpango huo ulibeba yote aliyojifunza Hampstead na Frankfurt. Barabara zilizunguka vilima kwa kufuata miinuko. Mabonde yaliachwa wazi yawe bustani na viwanja vya michezo, ili hewa ipite na nyumba ziwe mbali na vinamasi. Makazi yaligawanywa katika mitaa midogo, kila mmoja ukiwa na shule, maduka na mahali pa kukusanyikia, ili mtoto aende shule kwa miguu na mama aende sokoni bila kupanda gari. Kwa mji wa Afrika Mashariki wa wakati ule, kumpangia mkazi Mwafrika mtaa kamili badala ya mabweni ya vibarua ilikuwa hatua kubwa.

Hata hivyo ramani hiyo hiyo ilifuata utengano wa rangi. Kololo ilitengwa kwa Wazungu na watu wa asili ya Asia, Naguru ikatengwa kwa Waafrika, na maeneo ya kijani aliyoyapenda May yakawa pia mipaka baina ya watu na watu. May hakuubuni utaratibu huo, lakini aliukubali na kuuchora. Aliamini kwamba Mwafrika angeingia katika maisha ya mjini hatua kwa hatua, na kwamba nyumba yenyewe ingemfundisha. Kwa hiyo alipendekeza nyumba za daraja mbalimbali, kuanzia zile sahili hadi zile zilizofanana na za Ulaya. Alibuni hata nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, ambayo kuta zake ziliinama na kukutana juu mithili ya kibanda cha asili. Hakuna ushahidi katika mpango huo kwamba wakazi wenyewe waliulizwa wanataka kuishi vipi.

Wasikilizaji wa Kiswahili katika nchi jirani wanaweza kuutambua utaratibu huo mara moja. Katika Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji, watu walioitwa Waswahili nao walitengewa makazi yao, Buyenzi mjini Bujumbura na Biryogo mjini Kigali. Mitaa hiyo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba kwa nyumba, na chanzo chake kilikuwa agizo la mtawala. Walichokifanya wakazi baadaye, kwa misikiti, madrasa, biashara, ngoma na mpira, hakikuandikwa katika ramani yoyote.

Maisha ndani ya mistari

Mambo yalikuwa hayo hayo Naguru. Mpango wa May haukujengwa wote kama alivyouchora, kwa sababu fedha na maamuzi ya serikali vilikwenda njia nyingine. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950 serikali ilijenga nyumba za kupangisha Waafrika Naguru, na nyingine jirani yake Nakawa, kando ya barabara ya Jinja. Naguru ilipata nyumba bora zaidi na wakazi wenye mishahara mizuri, kama makarani na watumishi wa serikali. Nakawa ilichukua zaidi vibarua na watu wa kipato cha chini. Wale waliokuwa wakihesabiwa wapita njia sasa walikuwa na mlango wenye kufuli, bomba la maji na jirani wa kudumu.

Waliohamia hawakuwa watu wa kabila moja wala wa nchi moja. Baganda walikuwa na ardhi yao na wengi hawakuhitaji nyumba za serikali. Kwa hiyo Naguru na Nakawa zilijaa watu waliotoka mbali: Wacholi, Walango, Wateso, Wasamia, na idadi kubwa ya Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya waliofanya kazi katika reli na viwandani. Katika Kampala yenye Kiganda kama lugha yake ya nyumbani, mitaa hii ilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo Kiswahili kilisikika kila siku, kwa kuwa hakikuwa cha kabila la yeyote na kila mmoja aliweza kukitumia bila kujishusha.

Jioni watu walikutana katika vyama vyao. Vilikuwapo vyama vya watu wa eneo moja vilivyochanga fedha za kusafirisha maiti hadi nyumbani kwao na kusaidia aliyefukuzwa kazi. Vilikuwapo vyama vya wapangaji vilivyopeleka malalamiko juu ya kodi na matengenezo. Timu za mpira ziliwakutanisha waliotengana kwa lugha. Wataalamu wa elimu ya jamii waliokaa humo katika miaka ya 1960 waliona jinsi majirani walivyosaidiana kulea watoto na kukopeshana chumvi, na jinsi siasa ilivyoweza kuwagawanya tena. Mwanafunzi wa Unwin alitaka mtaa uwe jamii, nao ukawa, ingawa ulifika huko kwa njia za wakazi wenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya Uganda huru ilipandishwa katika uwanja wa Kololo, kwenye kilima kilichokuwa kimetengwa kwa wasio Waafrika. Mipaka ya rangi ilifutwa kisheria, lakini mipaka ya kipato ilibaki. Kisha ikaja mipaka ya uraia. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi wa kigeni, wengi wao Wakenya, na nyumba nyingi za Nakawa na Naguru zikabaki bila wenyewe. Miaka miwili baadaye Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke nchini, na nyumba zao za Kololo zikashikwa na wengine.

Alivyoacha Afrika Mashariki

May hakuyaona hayo kwa karibu. Katika miaka yake ya mwisho Afrika alichora majengo ambayo yanakumbukwa hadi leo. Moshi, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilimpa kazi ya kuchora jengo lake kuu, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lilikuwa jengo la kujivunia, lililogharimiwa na kahawa ya Waafrika wenyewe katika nchi iliyokuwa bado chini ya ukoloni. Kisumu alichora shule ya wasichana ya Aga Khan, na Mombasa hoteli ya Oceanic iliyokabili bahari. Kampala alichora Makumbusho ya Uganda, chini ya kilima cha Kololo, yenye kumbi zinazopitisha hewa na mwanga bila mashine.

Mwanzoni mwa mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 67, alirudi Ujerumani baada ya zaidi ya miaka ishirini ugenini. Miji ilikuwa magofu. Alikaa Hamburg na kuongoza mipango ya shirika kubwa la ujenzi wa nyumba, kisha akafanya kazi kwa kujitegemea. Alishiriki kupanga upya Altona, na mjini Bremen alikuwa mmoja wa wapangaji wa Neue Vahr, kitongoji cha nyumba zipatazo 10,000 kilichojengwa kati ya mwaka 1957 na 1962. Safari hii hapakuwa na nyumba ndogo zenye bustani za mboga. Palikuwa na maghorofa marefu yaliyosimama kwenye nyasi. Nyumba zilipatikana kwa wingi na kwa haraka, lakini baadaye wengi walilalamika kwamba mitaa ya namna hiyo inawafanya watu wawe wapweke.

Ernst May alifariki dunia Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 84. Mwili wake ulirudishwa Frankfurt, ukazikwa katika makaburi makuu ya mji huo. Kitongoji cha Römerstadt bado kipo na bado kina wakazi. Nyumba moja ya hapo imerudishwa katika hali yake ya awali, pamoja na lile jiko dogo, na wageni huitembelea.

Naguru haikupata bahati hiyo. Mwaka 2011 nyumba za serikali za Naguru na Nakawa zilibomolewa ili kupisha mradi wa mji mpya wa kisasa. Mamia ya familia, nyingine zikiwa za kizazi cha tatu hapo, zilitoa vitanda na masufuria nje huku matingatinga yakisubiri. Walioondoka walikuwa wapangaji, na mpangaji hana hati ya kuonyesha, hata kama babu yake alizikwa akitokea mlango ule ule.

Katika miaka hiyo hiyo ulitangazwa pia mpango wa kulivunja jengo la Makumbusho ya Uganda ili pajengwe ghorofa refu la biashara. Watetezi wa urithi wa taifa walikwenda mahakamani. Jengo hilo limesimama hadi leo, na watoto wa shule huingia humo kutazama ngoma na mikuki ya wazee wao. Katika kazi mbili za May zilizotishiwa kwa wakati mmoja mjini Kampala, jengo la vitu vya kale lilipata wakili. Nyumba zilizokuwa na watu ndani yake zilibomolewa.